Seti ya turbo kwa gari la zamani: niuze bei gani?

Swali: "Salaam, mtaalamu. Nina gereji ndogo. Mwaka jana nilifunga turbo kwenye Mazda MX-5 yangu ya kizazi cha kwanza, injini ya 1.6. Manifoldi nilichomelea mwenyewe, turbo ni T25 ya kutoka kwenye Nissan iliyobomolewa, intakula na mabomba nilinunua, nikaweka nozeli kubwa na kontroboksi ya kurekebishika. Nimetembea kilomita 9,000 bila tatizo. Sasa watu 3 wanataka niwatengenezee seti kama hiyo, na nafikiria kuziuza mtandaoni. Nimejumlisha bei ya spea nikaongeza asilimia 30. Mmoja akasema ni ghali, kwani mtandaoni kuna seti nzima kwa theluthi ya bei hiyo. Mwingine akasema nimejipunja. Nimewaza niondoe kontroboksi na nozeli ili bei ishuke, mteja atafute mwenyewe. Nataka pia kutangaza kwamba inaongeza nguvu farasi 80, na kuchukua malipo ya awali ili nipate mtaji wa seti 10 za kwanza. Je, niko sawa?"

Jibu:

Ndugu fundi, hongera. Manifoldi (bomba la moshi linaloshika turbo) ya kuchomelea kwa mkono ikivuka kilomita 9,000 bila ufa, mkono wako unajua kazi. Nimesoma swali lako mara mbili na naona una hofu mbili zinazovutana: ukiwa ghali utakosa wateja, ukiwa rahisi utafanya kazi ya bure. Aliyesema umejipunja ana haki, na hesabu nitakuonyesha. Lakini kilichonishtua zaidi ni wazo lako la kuondoa kontroboksi (kompyuta ya injini) na nozeli (zinazonyunyizia petroli). Nianze nalo, kwa sababu ndilo linaloamua bei nyingine zote.

Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa shinikizo la anga, takriban bar 1. Turbo, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini, ikisukuma nusu bar juu ya hapo, na intakula ikaipoza hewa vizuri, kila silinda inapokea hewa iliyoongezeka kwa karibu nusu. Hewa ikiongezeka, petroli nayo lazima iongezeke. Kwa mwako kamili, petroli kilo 1 inataka hewa kilo 14.7, lakini injini ikiwa inasukumwa na turbo tunaipa petroli zaidi, mpaka uwiano ushuke kwenye 11.5 au 12, kwa sababu petroli ya ziada inapoza chumba cha mwako. Nozeli za kiwandani za hiyo 1.6 zilipangwa kwa injini ya nguvu farasi takriban 115. Ukiziacha hapo, zitafika mwisho wa uwezo wao hewa bado inaingia, na mwako utakuwa mkavu, yaani petroli chache kwa hewa nyingi, palepale ambapo joto ni kubwa kuliko popote.

Halafu kuna joto la hewa yenyewe. Chukua hewa ya digrii 27, igandamize mara moja na nusu kwa kampresa (upande wa turbo unaosukuma hewa) yenye ufanisi wa asilimia 70: inatoka ikiwa na digrii karibu 80, kabla haijafika kwenye silinda. Na silinda za injini yako zinagandamiza kwa uwiano wa 9.4 kwa 1. Porsche ilipotoa 944 Turbo katikati ya miaka ya 1980 ilishusha uwiano huo hadi 8 kwa 1, kwa pistoni zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Mteja wako hatabadilisha pistoni. Kinga aliyobaki nayo ni petroli ya kutosha na cheche inayocheleweshwa kadiri shinikizo linavyopanda, na vyote viwili vinaongozwa na hiyo kontroboksi unayotaka kuitoa. Bila hiyo, mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati wake, pistoni inapigwa kama kwa nyundo, na baada ya muda mfupi ukingo wa pistoni unavunjika kwenye ringi. Gari limenoki, yaani injini imekufa.

Kwa hiyo ukiuza mabomba bila kitu cha kuongoza petroli na cheche, bei yako itapendeza kwenye tangazo, na injini za wateja zitakufa moja baada ya nyingine huku jina lako likitajwa. Sisemi kwamba haifai kabisa kuuza seti tupu. Wapo mafundi wenye kontroboksi zao na wanaojua kuzirekebisha, na hao unaweza kuwauzia. Ila mtu wa kawaida muuzie kamili, au usimuuzie.

Sasa hizo seti za theluthi ya bei. Nyingi utakuta ni turbo ya kunakili, manifoldi ya bomba jembamba, intakula na mipira, basi. Usishindane nazo kwa bei, kwa sababu hata spea zako peke yake huenda zinazidi bei yao. Shindana nazo kwa kitu ambacho mnunuzi wao hakukipata: ramani ya petroli (jedwali ambalo kontroboksi hulifuata) iliyopimwa kwenye injini ileile, na manifoldi isiyopasuka. Kuhusu manifoldi, kuna hesabu ndogo unayoweza kumwonyesha mteja. Chuma cha pua cha aina ya 304 hutanuka kwa takriban milimita 17 kwa kila mita 1 kikipanda joto digrii 1,000. Manifoldi ya sentimita 40 ikipanda digrii 600 inarefuka kama milimita 4. Kama bomba ni jembamba, flenji (bamba la kufungia kwenye injini) ni kipande kimoja na matundu ya boliti yamebana, hizo milimita 4 hazina pa kwenda isipokuwa kwenye mshono wa kuchomelea, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Bomba nene, matundu yaliyolegezwa kidogo pembeni na kishikizo kinachobeba uzito wa turbo ni gharama, na mteja akielezwa kwa namna hii huwa anaelewa kwa nini analipa zaidi.

Tuje kwenye hesabu. Tuseme spea zote za seti moja, pamoja na nozeli na kontroboksi, zinakugharimu 100 kwa fedha yoyote unayotumia. Ukiongeza asilimia 30 unauza 130. Kosa la kwanza, linalowapata wengi, ni kudhani faida yako sasa ni asilimia 30 ya mauzo. Ni 30 katika 130, yaani asilimia 23. Akija muuzaji wa spea akataka punguzo la asilimia 20 ili akuuzie, unabaki na 104.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: humo ndani hamna mshahara wako. Saa za kukata, kuchomelea na kusawazisha flenji, ukimlipa fundi mwingine azifanye, tuseme ni 30. Sanduku, povu, boliti za akiba na vipande vinavyoharibika, 8. Muda wa kumsaidia mteja baada ya kununua, 15. Akiba ya dhamana, kwa ajili ya seti itakayorudi au turbo utakayoibadilisha bila malipo, 10. Halafu kuna gharama uliyokwisha kuilipa na umeisahau: manifoldi za majaribio ulizozitupa, saa za daino (mashine ya kupima nguvu ya gari), majuma gari lako lilipokaa juu ya mawe. Kama hayo yote ni 400 na una uhakika wa kuuza seti 20, kila seti ibebe 20. Jumla inakuwa 183. Uliyekuwa unauza 130 ulikuwa unampa kila mteja zawadi ya 53 kutoka mfukoni mwako. Ukitaka robo ya bei iwe faida halisi, gawa 183 kwa 0.75 upate 244. Ukiridhika na moja ya tano, ni kama 229. Namba zangu ni za mfano, zako zitatofautiana, lakini sijaona seti ya turbo ambayo spea zilizidi sana nusu ya bei ya haki. Na hiyo idadi ya seti 20 ipime kwa ukali. Una watu 3. Ukigawa gharama za majaribio kwa wateja 100 ambao hawapo, bei itashuka kwenye karatasi tu.

Kuhusu hizo 15 za kumsaidia mteja, mafundi wengi huona nimeziongeza bure. Nikupe kisa changu. Seti ya nne niliyouza ilikwenda kwa mtu makini sana, mwenye zana nzuri. Baada ya siku mbili akanipigia: turbo inatoa moshi wa buluu, umeniuzia iliyokufa. Tulizungumza jioni tatu mfululizo. Nilikuwa tayari kumtumia nyingine, mpaka nilipomwomba picha ya chini ya gari. Mpira wa kurudisha oili ulikuwa umepinda ukapanda juu kidogo kabla ya kuingia kwenye kata, bakuli la oili chini ya injini. Turbo haina sili ya mpira kama ya kwenye giaboksi. Ina ringi ndogo za chuma, na oili inatakiwa idondoke yenyewe kwa uzito wake. Garrett, watengenezaji wa turbo, wanashauri bomba hilo lisiiname zaidi ya digrii 35 kutoka wima. Njia ikiziba, oili inajaa ndani na kutafuta pa kutokea, nayo inatokea upande wa tabaini, unapopita moshi wa injini, na kuungua. Turbo ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyekosea: maelekezo yangu yalikuwa ukurasa mmoja na hayakuwa na picha ya mpira huo. Nilipoandika kijitabu chenye picha za kila hatua simu zilipungua sana, lakini hazikuisha, na bado nazihesabu ndani ya bei.

Bei ina dari pia, na dari haiwekwi na wewe. Mwenye MX-5 ya zamani ana njia nyingine: kuhamisha injini ya 1.8, kufunga supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe), au kuuza gari na kununua lililotoka kiwandani na turbo. Jumla ya gharama zake zote ikifika karibu na njia hizo, ataondoka. Nasema jumla kwa makusudi, kwa sababu seti yako si mwisho wa matumizi yake. Klachi ya kiwandani inaweza kuanza kuteleza. Rejeta ya miaka 30 itaonyesha udhaifu wake. Difu ya magari ya 1.6 ni ndogo kuliko ya 1.8 yaliyofuata, na inajulikana kuvunjika nguvu zikizidi. Mwambie haya kabla hajalipa. Atakayekimbia angekulaumu baadaye, na atakayebaki atakuamini.

Jambo linalofanana na hilo: usiandike "kwa MX-5". Andika injini na miaka uliyoijaribu. Hiyo 1.6 ina kipima hewa cha mlango unaosukumwa na hewa, 1.8 ina cha waya wa moto, na nafasi chini ya boneti inategemea kama gari lina kiyoyozi na usukani upo upande gani. Kila neno "inaingia pia kwenye" ni seti nyingine inayohitaji kupimwa.

T25 za magari yaliyobomolewa ni turbo nzuri, ila hazitabiriki. Moja shafti yake imekaza, nyingine inacheza. Ukiweka bei moja kwa zote, mteja mmoja anapata bahati na mwingine anapata lawama, na akiba yako ya dhamana inaliwa. Ama zipelekwe zote kufanyiwa matengenezo na kusawazishwa shafti kwa mashine, gharama hiyo iingie kwenye bei, ama uuze seti bila turbo na useme wazi ni flenji ipi inakubali. Mimi ningechagua turbo mpya ya aina moja hata kama bei inapanda, kwa sababu ramani yako ya petroli inategemea turbo zote kufanana.

Hizo nguvu farasi 80, tafadhali zifute. Nusu bar kwenye injini ya 115 inakupa kinadharia nyongeza ya 57 hivi, na kwa kweli huwa pungufu kidogo. Ili upate 80 lazima shinikizo lipande, na hapo ndipo pistoni za zamani zinapoanza kuumia. Hata ukiwa umeziona kwenye daino, mashine mbili zinatoa namba mbili tofauti, na nguvu ya kwenye matairi ni ndogo kuliko ya kwenye injini. Tangaza mchoro badala ya namba tupu: gari lilelile, mashine ileile, kabla na baada, ukitaja shinikizo, okteni ya petroli na joto la siku hiyo. Anayejua magari atauheshimu mchoro huo kuliko namba kubwa.

Malipo ya awali ndiyo mahali ninapokusihi sana. Kuchukua fedha za watu 10 ili utengeneze seti 10 kunaonekana kama mtaji wa bure, kumbe ni deni lenye wadai 10 wenye haraka. Niliwahi kuchukua malipo ya seti 6. Aliyekuwa anakata flenji zangu akachelewa, kisha akazileta zimepinda, na nilikaa miezi mitano nikijibu watu ambao fedha zao zilikuwa zimeshageuka chuma. Wawili nilirudishia fedha kwa kukopa. Tangu hapo sichukui fedha ya kitu ambacho sina spea zake zote rafuni. Kama ni lazima, chukua ya mteja mmoja kwa seti moja, kiasi kisichozidi spea zake maalumu, na umwandikie tarehe ya kumrudishia ikishindikana.

Ushauri wangu kuhusu hao watu 3 ni huu: usiwatumie sanduku. Walete magari kwako, ufunge mwenyewe, utoze seti na kazi pamoja. Mwaka 1987 Chevrolet ilianza kuruhusu mteja aagize Corvette yenye turbo mbili za Callaway kupitia wauzaji wake, kwa alama ya oda B2K. Mteja hakupewa maboksi. Gari lilikwenda Old Lyme, Connecticut, likafungwa na waliobuni kazi hiyo, likatoka na nguvu farasi 345. Kwa mtu anayeanza hiyo ndiyo njia yenye hatari ndogo, kwa sababu utayaona kwa macho yako mambo ambayo magari mengine yanatofautiana na lako.

Na kabla ya kufunga, pima mgandamizo wa kila silinda, injini ikiwa ya moto, uandike. Silinda moja ikiwa chini ya zenzake kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, gari hilo halifungwi turbo mpaka injini itengenezwe. Wa mtandaoni naye akutumie vipimo hivyo kwanza. Utawapoteza baadhi ya wateja kwa sharti hili. Ni wale ambao injini zao zingekufa mikononi mwako.

Kuna sehemu ambazo maandishi yangu hayatoshi. Ramani ya petroli na cheche ya kuuza, tofauti na ya gari lako mwenyewe, kaa na mrekebishaji mzoefu kwenye daino, ana kwa ana, akiwa na kipima mchanganyiko na kisikilizi cha kunoki, yaani cha ile milipuko ya mchanganyiko kwenye silinda. Usiikamilishe kwa kubahatisha barabarani. Kuhusu sheria, ukiuza mtandaoni huwezi kuchagua mteja anaishi wapi. California, kifaa kinachogusa mfumo wa moshi wa gari la barabarani kinahitaji namba ya idhini ya CARB, mamlaka ya jimbo hilo inayosimamia usafi wa hewa. Ujerumani, mabadiliko kama haya hukaguliwa na kuingizwa kwenye hati za gari. Kubandika maneno "kwa mashindano tu" hakukulindi kama kila mtu anajua gari linakwenda nalo kazini. Mwone mwanasheria kabla ya kuandika dhamana na masharti, na umuulize wakala wa bima kama bima ya gereji yako inagusa kitu ulichokitengeneza kikashika moto kwenye gari la mtu. Manifoldi yako huwa ya moto sana, na chini ya boneti hiyohiyo mna petroli na oili, kwa hiyo swali hilo usilisogeze mbele. Mteja naye akumbushwe kuiarifu bima yake.

Wale watu 3 waambie bei kamili utaitaja baada ya kufunga gari la kwanza kati yao, na umpe huyo wa kwanza punguzo linaloandikwa waziwazi kuwa ni la majaribio. Kila saa utakayotumia kwenye gari lake iandike, hata ya kutafuta boliti iliyodondoka. Karatasi hiyo ndiyo utakayopangia bei ya gari la pili.